Kikumbusho cha Saa Kumi

Mji mzima ulimwita Fundi Subiri, na jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Alikuwa fundi wa kompyuta, mwenye kibanda kati ya duka la viatu na saluni, na neno lake la kwanza kwa kila mteja lilikuwa "subiri kidogo". Tumtendee haki, halikuwa kosa lake peke yake. Kompyuta ikishaoza kwa virusi, dawa ni kuifuta na kuipiga windo upya, yaani kuiwekea mfumo mpya wa kuiendesha, na kupiga windo si kazi. Kazi inaanza baada ya hapo. Mashine inaamka haijui lolote, na fundi anakaa mbele yake akiirudishia programu moja moja, ya kuandikia, ya hesabu, ya printa, na kila moja inamuuliza kama anakubali masharti, kana kwamba ana hiari. Anabonyeza "endelea" mpaka kidole kinaota sugu.

Ndivyo alivyomsahau mkewe. Mke huyo, karani wa mapokezi kwenye zahanati ya jirani, alikuwa anarudi kutoka kumzika baba yake, na walikubaliana Subiri amfuate stendi. Alingoja na sanduku lake, mvua ikamnyeshea, simu ikaita haipokelewi. Subiri alikuwa shuleni kwa mwalimu mkuu, anabonyeza "endelea" kwenye chumba kizima cha kompyuta. Alipokumbuka na kukimbilia stendi, alikuta wafagiaji. Mkewe alikuwa amekwenda kwa dada yake, na salamu alizoacha zilikuwa fupi: atarudi siku atakapokuwa na mume anayemkumbuka.

Mtu mwenye akili angekwenda kupiga magoti. Subiri aliandika skripti.

Skripti ni maagizo ambayo kompyuta inajisomea yenyewe: weka programu hii, jibu ndiyo, nenda kwenye inayofuata. Unachomeka flashi, unawasha, mashine inajihudumia, na fundi anakuwa huru kwenda stendi. Kwamba stendi hakukuwa tena na mtu wa kumfuata, hilo hakulifikiria. Mipangilio aliinakili kutoka kompyuta yake mwenyewe, yote kwa jumla, kwa sababu kuchambua kunachosha na yeye hakuwa mtu wa kuchoka ovyo.

Alichosahau, na kusahau ndiyo fani yake halisi, ni kwamba kwenye kompyuta yake alikuwa ameweka kikumbusho. Kila siku saa kumi jioni kidirisha kiliruka katikati ya kioo: *Mpigie mkeo. Kosa ni lako. Usijitetee.* Na kila siku saa kumi alipiga, akaomba radhi, hakujitetea. Mwanzoni mkewe alikaa kimya. Baadaye akawa anaguna, kisha akaanza kumsimulia vituko vya wagonjwa. Hata dada mtu alishaanza kuuliza, kwa upole, sanduku lile litaondoka lini pale sebuleni.

Wakati huo flashi ilikuwa inatembea mjini. Kila kompyuta iliyopita mikononi mwa Subiri ilirudi kwa mwenyewe imepona, na saa kumi ikifika inamgombeza. Mhasibu wa kiwanda cha magodoro alidhani ni mkurugenzi amejua mambo yake, akapiga simu nyumbani palepale. Mwalimu mkuu alimpigia mkewe mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane, na mkewe akauliza nani amefariki. Wakili mwenye wake wawili alimtuma karani wake akamuulize fundi ni yupi.

Kisha ikaja zamu ya kompyuta ya zahanati. Saa kumi, mkewe Subiri akiwa anaandikisha mgonjwa wa jino, kidirisha kikaruka. Alikisoma, akakirudia. Maneno yale aliyajua, maana alikuwa akiyasikia kila jioni. Simu ilipoita aliipokea palepale.

"Kumbe anayenikumbuka ni mashine," alisema.

"Mke wangu, mashine nimeiagiza mimi."

"Basi ulinikumbuka siku moja tu. Siku nyingine zote umeniwekea kibarua. Kitoe hicho kitu kwenye kompyuta yako, halafu tuone."

Alikitoa, na hapo hofu ikamwingia hasa. Kichwa chake alikijua, asingekikabidhi hata funguo za choo. Kwa kuwa hakuamini kwamba saa kumi atakumbuka, alipiga asubuhi kabla ya chai. Akapiga alipofungua kibanda. Mchana akapiga kuuliza kama asubuhi alipiga. Ilikuwa hivyo siku baada ya siku, na simu ya mapokezi ikawa haipumui, wagonjwa kwenye benchi wakawa wanampa shemeji yao salamu. Mwishowe daktari akamwambia karani wake kwamba mtu yule ama atibiwe ama arudiwe.

Jioni moja mkewe akatokea pale kibandani na sanduku mkononi. Subiri alikuwa na mwalimu mkuu, kompyuta ya ofisi ya shule inajihudumia mezani. Aliinuka, akampisha kiti.

"Usidhani umekumbuka," mkewe alisema. "Umeogopa kusahau tu."

"Si yale yale?"

"Si yale yale. Lakini siku ile stendi, kwenye mvua, ningempata hata mwenye kuogopa ningeshukuru."

Subiri alilia, na hakuona aibu. Alilipokea sanduku, akamwambia mwalimu mkuu subiri kidogo, wakaondoka wawili wao taratibu wakizungumza habari za msiba, ambazo hakuwa amemuuliza bado.

Walikuwa wamefika nyumbani, maji ya chai yako jikoni, aliposhtuka na kukumbuka kwamba kibanda amekiacha wazi na mwalimu mkuu yumo ndani. Akatafuta viatu.

"Kaa," mkewe akamwambia. "Mwache asubiri."