Shamba Lililofagiwa

Mama wa mbaazi, mwenye shamba mlimani juu ya Katonga, hang'oi mibaazi yake baada ya kuvuna. Huikata usawa wa magoti, akatandaza matawi na majani yaoze hapohapo, na ule udongo mwekundu uliochoka umeanza kuwa mweusi. Kila asubuhi huchota kidogo chini ya majani, akaunusa, kisha akafuta mkono haraka kwenye kanga kabla wachuuzi wa dagaa hawajapita.

"Mama, unafuga nyoka humo?" humtania.

"Nitafagia, wadogo zangu," hujibu, amefunika mdomo kwa kiganja, na hafagii.

Lakini juzi, aliposikia kwamba wazazi wa mchumba wa bintiye wanakuja, aliona haya wasije wakamwita mchafu. Akayakusanya majani ya miaka yote, akayatia moto. Wageni walipofika, mama wa kijana alisimama kando ya shamba lililotakata, akachungulia huku na huku.

"Tumesikia kuna mama hapa anaozesha majani, shamba lake likapona. Nilitaka anifundishe, langu limekufa."

Mama wa mbaazi akainamisha uso.

"Huyo alihama," akasema, akawakaribisha ndani.