Gobori Nililosema Nimelisafisha

Wapendwa, naitwa Kemunto. Mimi ni nesi, naishi hapa mjini Burnsville na mume wangu Makori. Mniwie radhi nikiongea kwa sauti ya juu, sikio langu la kushoto halisikii vizuri. Nimeombwa niwaeleze yaliyonipata, nami nitayasema kama yalivyokuwa, hata pale yanaponiaibisha.

Kabla ya ajali nilikuwa mtu wa afya njema na maringo kidogo. Siku nisizokuwa na shifti, nilikwenda kuwinda. Aliyenifundisha ni Zablon, kaka mkubwa wa mume wangu, dereva wa trela. Alinipa gobori lake, bunduki ile inayojazwa kwa mdomo wa mtutu. Unamimina baruti, unatia risasi, kisha unaishindilia kwa ufito uitwao mdeki mpaka ikalie baruti. Zablon alikuwa amechonga alama kwenye mdeki.

"Alama ikilingana na mdomo wa mtutu, risasi imefika," aliniambia. "Ikibaki juu, usifyatue. Ule uwazi kati ya risasi na baruti unapasua chuma."

Alinifundisha pia kusafisha. Baruti ya gobori huacha masizi, masizi hunyonya unyevu, na unyevu huleta kutu. Kwa hiyo unapitisha kitambaa kila baada ya risasi moja, na ukirudi nyumbani unaosha mtutu kwa maji moto na sabuni, unaukausha, unaupaka mafuta.

Mwaka wa kwanza nilitii. Nilitumia baruti ya kiasi na risasi ya duara iliyozungushiwa kitambaa. Nikapata ayala mmoja, yule mnyama wa porini mwenye pembe za matawi, tukamla na majirani. Halafu tamaa ikaniingia. Nikanunua risasi ndefu, nzito, zinazobana mtutu, nikaongeza na baruti ili nipige mbali.

Zablon akaniambia, "Kemunto, ayala hafi kwa kelele. Tumia kipimo ambacho bunduki yako inakipenda."

Nikaitikia tu. Msimu ulipoisha nililiweka gobori kabatini na masizi yake. Nilikuwa nimechoka, nikasema nitaliosha kesho. Kesho hiyo haikufika.

Msimu uliofuata, asubuhi ya theluji, tulisimama ukingoni mwa shamba la mfanyakazi mwenzangu, nje ya mji wa Savage. Zablon akaniuliza, "Umelisafisha?"

"Ndiyo, shemeji."

Nikamimina baruti. Risasi ikaingia nusu, ikagoma. Nikasukuma mpaka viganja vikauma. Alama ya mdeki ilibaki juu kwa upana wa vidole vinne. Niliiona. Zablon alikuwa kushoto kwangu, anaangalia miti, nami niliona haya kumwambia. Nikaweka fataki, kile kikombe kidogo kinacholipuka na kuwasha baruti. Ayala akatokea. Nikafyatua.

Mlipuko sikuusikia. Niliona weupe mtupu, kisha nikajikuta nimepiga magoti. Mkono wa kushoto, ule uliokuwa umeshika mtutu, ulikuwa umefunguka. Kidole cha mwisho na cha pete vilining'inia kwa ngozi. Zablon alikuwa ameketi kwenye theluji, amefunika jicho la kulia, damu inapita katikati ya vidole vyake.

"Uko mzima?" akaniuliza. Yeye ndiye aliyeniuliza mimi.

Niliufunga mkono kwa skafu, yeye akapiga simu kuomba ambulensi. Hospitalini daktari aliniambia, "Vidole viwili hatukuweza kuviokoa. Vitatu vitafanya kazi, ukivifanyisha mazoezi." Walichuna ngozi ya paja langu wakafunika nayo kiganja. Siku ya tano kidonda kikaingia usaha, nikanusa mwenyewe harufu niliyozoea kuinusa kwa wagonjwa. Wakanirudisha chumba cha upasuaji. Homa ilinitetemesha mpaka kitanda kikalia.

Zablon alikuja kuniona, jicho limefungwa bandeji. Lilikuwa limekwisha, halioni tena. Akakaa kando yangu akasema, "Nisamehe, Kemunto. Nilikupa chuma kibovu."

Nikamjibu, "Usijilaumu, shemeji." Mume wangu, aliyekuwa pale kitandani, alinisifu kuwa nina moyo mwema. Nikageukia ukuta.

Mkono ukaanza kupona. Nilikamua udongo laini wa mazoezi kila siku, nikajifunza kufunga vifungo vya shati upya. Lakini chakula kilinishinda. Zablon aliacha trela, akapata kazi ya kusukuma viti vya magurudumu uwanja wa ndege, kule Bloomington. Kila mtu aliyemuuliza habari za jicho, Zablon alimjibu vilevile: "Kosa ni langu, bunduki ilikuwa mbovu."

Jumapili moja baada ya ibada nilikwenda kwake na Makori. Alikuwa anakata sukuma wiki. Nikasema, "Shemeji, bunduki haikuwa mbovu. Sikuisafisha mwaka mzima. Na alama niliiona."

Kisu kikasimama. "Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukasema umelisafisha."

"Nilidanganya."

Aliweka kisu chini, akavaa koti, akatoka akatuacha jikoni kwake. Miezi minne Zablon hakupokea simu yangu. Siku moja akapiga yeye. Hakunisalimu. Alisema, "Kuna vijana kanisani wanataka kujifunza gobori. Wamenialika niwafundishe. Njoo uwaambie wewe. Yote."

Ndiyo maana niko mbele yenu. Namshukuru Mungu kwa mkono huu wenye vidole vitatu, na kwa wauguzi walioniosha bila kukunja uso. Ninyi mnaoanza, ridhikeni na baruti ya kiasi. Osheni mtutu siku ileile, hata mkirudi mikono mitupu. Risasi ikigoma njiani, msione haya kusema imegoma. Mwiteni mtu anayejua.

Kama amenisamehe, mimi sijui. Hajasema, nami sijamuuliza. Ila leo amekuja mapema kuliko wote, akachagua kiti cha mwisho upande wenu wa kulia, ili jicho lake la kushoto, lililo zima, linione.

Shemeji, nimeyasema yote.