Utando Katika Fizi ya Mama

Sauti iliyonishtua ilikuwa ndogo: ssss, pumzi iliyovutwa haraka kati ya meno. Mama alikuwa akinywa chai nyumbani kwake Gihosha, Bujumbura. Mimi nilikuwa Dar es Salaam, simu sikioni.

"Ni chai tu, iko moto," alisema.

Sikumwamini. Wiki chache kabla, daktari wa meno alimwekea utando chini ya fizi, pale palipong'olewa jino, ili mfupa uote tena. Mama ndiye aliyeomba utando wa aina ile, kwa sababu mimi niliusifu.

Ndio ninaoufanyia utafiti wa uzamili. Una nyuso mbili: mmoja laini, unaoelekea fizi; mwingine wa nyuzi zenye vishimo, unaoelekea mfupa. Kwa kawaida bakteria hujibanza vishimoni, na kusuuza hakuwatoi. Katika jaribio langu, hata hivyo, walionekana wachache mno kwenye nyuzi. Nilifurahi, nikamsimulia Mama. Sikumsimulia kwamba baadhi ya sampuli zilipinduka nilipokuwa nikizisuuza. Nilikuwa nimekata kona ya kila sampuli ili niujue upande wake. Niliiona kona ikiwa mahali pasipo pake, nikaendelea kuhesabu. Huenda niliuhesabu uso laini nikiuita wa nyuzi.

Nikakata tiketi ya basi la Kigoma.

Kigoma, siku ya pili, nilikuwa bado nazipindua sampuli zile kichwani. Manyovu, mpakani, ofisa aliniuliza sababu ya safari. "Fizi," nilijibu, kisha nikajirekebisha: "Mama." Akagonga muhuri. Rumonge, mchana, harufu ya mawese iliingia dirishani, na kwa nusu saa nzima sikuwaza lolote.

Gihosha, jioni, Mama alinikumbatia mlangoni. "Karibu, mutoto wangu! Umekuja na nguo, ao umekuja na darubini?" Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Nikauona uvimbe.

Asubuhi tulikwenda kliniki, Mutakura. Daktari, mwanamke mwenye asili ya Uvira, aliangaza taa mdomoni mwa Mama. Ukingo wa utando ulikuwa umechomoza nje ya fizi, na bakteria walikuwa wameupata. Nilifungua kinywa niseme kwamba kosa ni langu. Mama aliniwahi.

"Dokta, usimutazame huyu mutoto. Ni mi. Ulinikataza kunyonya kitu. Lakini siku walikuja kuposa mutoto wa dada yangu, walinipa umuheha."

Umuheha ni mwanzi mrefu ambao wageni hunywea pombe ya mtama kutoka chungu kimoja. Kuukataa mbele ya wakwe ni kuwakataa wao.

"Mama! Si ungenyonya polepole?" daktari alisema.

"We, dokta! Umuheha ni murefu. Polepole, pombe haipandi."

Daktari alicheka hadi akaiweka sindano chini. Kisha akaishika tena, akamchoma ganzi, akaukata ukingo ule, akasafisha, akaandika dawa. Mfupa bado ungeweza kuota, alisema. Upande wa nyuzi ulitazama ndani, kama ipasavyo. Ni kule kunyonya kulikovuta fizi ikaachia. Muda wote huo Mama alikuwa amekishika kidole changu kimoja, kama nilivyokuwa nikimshika yeye utotoni.

Nyumbani nilimpashia maji ya chumvi. Alisukutua taratibu, akatema, akanitazama.

"Na we? Mi nimesha pona, we bado unakunja uso."

Nikamweleza yote, hadi ile kona.

"Mwalimu wako anajua?"

"Bado, Mama."

"Mi nilisema kwa dokta, na alikuwa na sindano mukononi. Mwalimu wako iko na nini?"

Nilikaa siku nne, nikiichungulia fizi asubuhi na jioni, hadi uvimbe ulipokwisha na Mama akaninyang'anya tochi.

Manyovu, wakati wa kurudi, basi lilisimama tukisubiri muhuri. Nikasogea kando, chini ya ukuta wenye kivuli, nikampigia msimamizi wangu.

"Shikamoo, Mwalimu. Sampuli za nyuzi zilipinduka nilipozisuuza. Niliona, nikanyamaza. Naomba kurudia jaribio lote."

"Marahaba," alisema. "Zilipinduka ngapi?"

"Nilizoziona ni tatu, Mwalimu. Nisizoziona, sijui."