Kompyuta Chini ya Kitambaa

Juzi, kibandani kwa fundi mmoja wa Kayole, niliona kibodi iliyojaa vumbi, na harufu yake ikanirudisha utotoni, nyumbani kwetu. Kazi ya Baba ilikuwa kufagia ofisi, na kompyuta yetu aliiokota huko, ikiwa imetupwa. Mama aliifunika kitambaa alichofuma mwenyewe, kama televisheni. Haikuwaka kamwe, lakini mimi sikujua kwamba ni mbovu.

Mchana mmoja Mama alikuwa sokoni, Baba akikohoa kwenye kochi. Nikafunua kitambaa, nikabonyeza herufi moja moja: DAKTARI NJOO.

"Baba, nimemwita daktari."

"Asante, Atieno," alisema. "Basi tumngoje."

Kikohozi kilipotulia, nilijua daktari amekaribia. Mama akaingia, akamgusa Baba, akapiga nduru.

Sasa ninaandika programu za kuitia ambulensi. Kila moja mimi huijaribu mwenyewe, na siinuki hadi mtu ajibu.