Waya Juu ya Mgomba

Vita vya Kongo vilipofunga daraja la Rusizi, dada yangu, ndugu pekee niliyebaki naye, alikuwa Bukavu. Nikafunga fonii, redio ya kuongea na watu wa mbali, shambani kwangu Gashonga, ng'ambo hii ya daraja. Waya wake nikautundika juu ya migomba miwili. Kila asubuhi dada aliniuliza, "Kaka, uko muzima?"

Siku moja akanyamaza. Kwa siku tatu nilisafisha betri huku nikimlilia. Siku ya nne jirani alikuja kuazima panga, akacheka: "Mzee, si mgomba wa waya uliukata mwenyewe ulipovuna mkungu?"

Mimi, mkulima tangu utoto!

Nikahamishia waya kwenye mparachichi.

"Mujinga weye!" dada akafoka. "Huku tulishakula maharage ya matanga yako!"

Nikamwomba anitukane tena.