Swali la Mwisho la Selestini

Mtu akitafuta kazi Bariadi, watu humwelekeza kwa Esteria Machibya kabla ya kumwelekeza ofisini kwenyewe. Duka lake la stesheneri liko nyuma ya stendi, chumba kimoja chenye kompyuta mbili, mashine ya fotokopi inayokohoa kuliko mwenye nayo, na viti viwili vya mbao vinavyotazamana. Kimoja hukikalia yeye. Cha pili kinaitwa kiti cha usaili, na wengi waliokikalia walijuta kwanza, shukrani zikaja baadaye.

Esteria hana ulimi wa asali. "Umeingia kama mtu anayedai mbuzi wake," aliwahi kumwambia kijana mwenye digrii. "Toka nje. Bisha hodi. Wasalimie wote, na usikae mpaka uambiwe." Kijana akatoka, akabisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi, watu wa foleni wakimcheka. Aliporudi akaulizwa kiwanda anachoombea kazi kinanunua pamba kutoka kata zipi. Hakujua. "Basi na wao hawana sababu ya kukujua wewe," akasema Esteria, akamrudisha nyumbani akaulize.

Alikuwa na mafundisho yake, na aliyafundisha kwa ukali uleule kwa mtoto wa mkulima na kwa mtoto wa mchungaji. Usiseme wewe ni mchapakazi, simulia siku moja ulipochapa kazi. Ukiulizwa udhaifu wako, usijisifu kwa mlango wa nyuma, taja udhaifu wa kweli na useme umejifunza nini. Usiulize mshahara kabla hawajasema wanakutaka. Na wakikuuliza mwishoni kama una swali, ole wako useme huna. "Uwe na swali moja," alisema, "la kwako mwenyewe, linalokukereketa. Lishike mpaka mwisho."

Kisha lilikuwepo fundisho moja ambalo alilitoa huku akitazama chini. Usaili hauishii mlangoni, unaishia kwenye simu. Andika namba utakayoipokea wewe mwenyewe, usiandike ya mtu mwingine, hata awe nani. Watu walidhani ni ukali wake tu.

Zamani hakuwa hivyo. Zamani namba ya simu ya duka, simu ndogo ya batani, ilikuwa kwenye CV za nusu ya vijana wa vijijini. Huko kwao mtandao ulipatikana kwa kupanda kichuguu, na simu zilichajiwa mara mbili kwa wiki, kwa hiyo waliandika namba ya Esteria na yeye alipeleka salamu kwa bodaboda, kwa magari ya mnada, kwa yeyote aliyekuwa anaelekea huko. Watu wengi wana kazi leo kwa sababu ya simu ile. Hilo nalo lisemwe, tusimwonee.

Miongoni mwao alikuwa Selestini Mboje wa Shishiyu. Simu yake ilitumbukia lamboni akinywesha ng'ombe, akaja akicheka mwenyewe, bahasha ya kaki kwapani. Alikuwa anaomba ukarani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, njia ya Kasoli. Nafasi moja. Gilbert, mdogo wake Esteria wa tumbo moja, aliomba nafasi hiyohiyo. Esteria aliwanoa wote wawili kwenye kiti kile, mmoja asubuhi na mwingine jioni, na moyoni alijua wazi nani kati yao aliyekuwa mkali.

Mtihani wa kuandika ukafanyika, majina yakabandikwa getini. Watano wa mwanzo wangeitwa kwenye usaili wa ana kwa ana. Selestini alikuwa wa kwanza. Gilbert alikuwa wa sita.

Simu ililia Jumatatu, saa nne asubuhi. Ilikuwa sauti ya mwanamume mzima, aliyekohoa kidogo kabla ya kusema, na nyuma yake mashine za kiwanda zilinguruma. "Naomba kuongea na Selestini Mboje."

Esteria hakuamka siku ile na nia mbaya. Lakini tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Alifungua mdomo amwambie yule bwana asubiri kidogo, na kilichotoka kikawa kingine. "Hapatikani," alisema. "Amesafiri."

"Usaili ni kesho saa mbili."

"Hatarudi kesho."

"Basi tutamwita anayefuata," ile sauti ikasema, na simu ikakatika. Gilbert aliitwa. Gilbert alipata kazi.

Jumatatu iliyofuata Selestini alikuja na baiskeli yake, vumbi hadi kwenye kope. "Mwangaluka, mayu," alimsalimu, akamwita mama kwa heshima ya kwao. "Wamepiga?"

"Bado, baba."

Akaja Jumatatu ya pili, na ya tatu. Kila mara alikaa kwenye kiti cha usaili bila kuambiwa na kuomba aulizwe tena maswali, wasije wakapiga akiwa amesahau. Esteria alimuuliza, na Selestini alijibu, na alijibu vizuri. Walipofika mwisho, "Una swali lolote kwetu?", alikuna kichwa.

"Hilo tu, mayu. Bado sijalipata. Lakini nitalipata."

Jumatatu ya nne hakuja. Alikuwa ameenda Lamadi kwa mjomba wake, kwenye biashara ya dagaa, na mwezi haukuisha. Mtumbwi ulipinduka ziwani, wenzake watatu wakaokolewa, yeye hakuonekana tena. Kwao walifanya msiba usio na kaburi. Esteria alikwenda, akala chakula cha msiba, akalia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba mtu anaweza kulia kweli juu ya jambo alilolitenda mwenyewe.

Aliporudi dukani, Jumatatu saa nne, simu ya batani ikalia. Kikohozi kidogo. Mngurumo wa mashine. "Naomba kuongea na Selestini Mboje."

Alidhani ni mtu wa kiwandani asiye na habari. Akauliza kwa Gilbert, akaambiwa yule ofisa aliyekuwa akiwapigia watu wa usaili alishahamia mkoa mwingine, na kwamba msimu wa kuchambua ulikuwa umekwisha, mashine zimezimwa. Jumatatu nyingine ikalia tena. Akaacha kuipokea. Akatoa laini. Ikalia. Akatoa betri, akaviweka vyote kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya rafu, na Jumatatu saa nne kopo likatetemeka hadi kalamu zikaanguka.

Miaka minne ilipita namna hiyo. Kila mwisho wa mwezi Gilbert alimletea dada yake kilo mbili za sukari na kumwambia, "Dada, wewe ndiye uliyeninoa." Hakujua kitu. Na Esteria alizidi kuwa mkali, wateja wakazidi kuja, na kila Jumatatu ikikaribia saa nne aliwasha mashine ya fotokopi hata kama hakuwa na karatasi ya kunakili.

Sasa mwaka huu, mwezi wa sita, umeme ulikatika Jumatatu. Kwenye kiti cha usaili alikuwa amekaa msichana wa Nyashimo, Evalina, aliyeitwa kwenye usaili wa ukarani wa ofisi. Binti mwenye adabu, mgongo umenyooka, vyeti halisi vimepangwa kwenye faili. Esteria alikuwa anamuuliza kwa nini wamchukue yeye na si mwingine, na duka lilikuwa kimya, hata feni ilikuwa imesimama. Kopo likaanza kulia.

"Mama, simu yako," akasema Evalina.

"Iache."

"Labda ni mtu mwenye shida." Na kabla Esteria hajainuka, binti yule alishaufungua mfuniko na kuweka simu sikioni. Akasikiliza, halafu akageuka. "Anamtaka Selestini. Nimwambieje?"

Esteria alinyoosha mkono aichukue. Evalina akaitoa simu sikioni na kuitazama. Mgongo wake ulikuwa wazi, pale pa betri pana tundu tupu. Betri ilikuwa ndani ya kopo, pembeni ya laini. Binti akairudisha taratibu, akafunga mfuniko, akakusanya faili lake.

"Mama," alisema akiwa mlangoni, "huyo Selestini apewe taarifa yake. Mtu hatafutwi hivi bure." Kazi aliipata, nilisikia. Lakini hakurudi kushukuru kama wenzake.

Wiki nzima Esteria hakulala vizuri. Akisema, Gilbert atakosa pa kuficha uso, na kiti cha usaili hakitakaliwa na mtu tena Bariadi. Asiposema, simu itamwita hadi siku ya kuzikwa kwake, na pengine hata baada ya hapo. Jumatatu iliyofuata hakufungua duka. Alfajiri alipakia kopo kwenye mkoba, akachukua bodaboda hadi Shishiyu, kwa Kwandu, mama yake Selestini.

Njia nzima alijifanyia usaili. Ataingia, atasalimu, hatakaa mpaka aambiwe. Ataanza na ukweli bila kuzungusha. Alishawafundisha mamia ya watu namna ya kujibu swali gumu, na sasa kila jibu alilolijaribu lilikuwa na harufu ya uongo.

Kwandu alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka, anachagua pamba. Nyeupe aliweka upande mmoja, ile chafu wanayoiita fifi upande mwingine. Alikuwa amekonda tangu msiba, lakini alimtambua mgeni wake mara moja. "Mwangaluka, mayu! Karibu, karibu. Mhola?"

"Mhola duhu," Esteria alijibu, amani tu, na huo ukawa uongo wa kwanza wa siku.

Aliletewa kigoda na bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Kwandu alizungumza bila kuacha kuchagua. "Mwanangu alikusifu sana. Alikuwa anakaa pale pale ulipo, anajiuliza maswali, anajijibu mwenyewe, ng'ombe wanamshangaa. Alisema mayu Esteria ndiye anayesimamia simu yangu, wakipiga tu nitapata habari." Akashusha pumzi. "Hawakupiga. Lakini wewe ulijitahidi. Wabeja, mayu. Asante sana."

Esteria alifungua mdomo. Akatia kipande cha kiazi, akatafuna. Angesema baada ya kula. Angesema baada ya mzee wa nyumba kurudi. Angesema. Jua lilipanda na vivuli vya maboma vikafupika, na ndani ya mkoba simu ikalia.

Kwandu alisubiri aipokee. Ikalia tena. "Si upokee?" Esteria alitikisa kichwa. Basi yule mama akajifuta pamba vidoleni, akafungua mkoba wa mgeni kama mtu anayemsaidia mgonjwa, akafungua kopo, akaweka simu sikioni.

"Hallo?" Akasikiliza. Uso wake haukubadilika. "Selestini? Yupo. Subirini nimwite."

Alisema hivyo kama mama yeyote ambaye mtoto wake yuko machungani. Akainuka, akageukia shamba la pamba, akaita kwa sauti ndefu ya kuita watoto jioni. "Selestiniii! Unaitwa!"

Shambani hakuna kilichojibu. Jibu lilitoka kwenye simu, wazi, uani pote. "Naam."

Kwandu akakaa chini palepale kwenye pamba.

Kikohozi kidogo. "Karibu, Selestini. Tueleze kidogo kuhusu wewe."

"Naitwa Selestini Mboje, natoka Shishiyu. Msimu mmoja niliwapimia pamba majirani kumi na wawili kwa mzani wa kamba, na hakuna aliyegombana na mwenzake." Hakujisifu. Alisimulia siku moja, kama alivyofundishwa. Nyuma ya sauti yake hapakuwa na mngurumo wa mashine, palikuwa na maji yakigonga mbao.

"Udhaifu wako ni upi?"

"Nasubiri sana. Nikiambiwa bado, naamini. Nilitakiwa kuja getini mwenyewe nikaulize. Nimeshajifunza."

Kwandu alikuwa analia bila sauti na anatabasamu, kiganja kimebana mdomo, kwa sababu mwanawe alikuwa anajibu vizuri. Esteria alijua swali linalofuata. Alilifundisha mwenyewe, mara mia.

"Una swali lolote kwetu?"

Ikasikika pumzi ikivutwa.

"Ninalo moja," akasema Selestini. "Siku ile mlipopiga, nani aliwaambia sipatikani?"

Maji yaliendelea kugonga. Kwandu aliitazama simu, akaigeuza, akaona tundu la betri, kisha akainua macho yake polepole hadi kwa mgeni aliyemkaribisha. Akanyoosha mkono na kumpa simu.

Esteria aliipokea kwa mikono miwili. Akanyoosha mgongo, akaweka miguu sawa chini, kama anavyowafundisha wengine.

"Ni mimi," alisema.