Joho Lisilokwisha Kushonwa

Dada yangu ni fundi wa nguo kwenye jumba la makumbusho lililokuwa kasri, ghorofa ya chini, chumba chenye dirisha moja la nondo. Humo amekaa miaka kumi na moja akishona pindo lile lile.

Joho ni la mfalme wa zamani, mtu wa kisirani kweli, aliyeapa kwamba fundi wake hatatoka kasrini mpaka limalizike. Akafa halijamalizika, na kiapo kikabaki kwenye kitambaa. Kila asubuhi pindo hukutwa limefumuka shubiri moja, na mkono wa kulishona ni mmoja tu: wa mtu aliyelivaa mwisho.

Dada alilivaa kwa mazoea ya kazi. Wiki yake ya kwanza hakuona sanamu la kuvalishia nguo, akajitupia mwenyewe mabegani aone linavyoanguka. Fundi mzee aliyemkuta pale akachukua kofia yake. "Asante sana, mama," akasema, akaondoka bila kumaliza chai. Nikimkumbuka mzee yule, natamani kumzaba kofi.

Dada alijaribu kutoroka mara moja, binti yake alipojifungua mji wa mbali. Hakufika hata kituo cha basi. Gauni lilimfumuka mkono, kisha ubavu, kisha mgongo mzima, akarudi amejishikilia nguo kwa mikono miwili. Mjukuu sasa yuko darasa la nne na anamjua bibi kwa simu.

"Bibi, unakuja lini?"

"Nikimaliza kushona, mume wangu."

Mimi humtembelea kila Jumamosi. Nami ni fundi, na tangu utotoni tunaazimana nguo, maana miili yetu ni sawasawa. Nikilivaa mimi, dada ataondoka siku hiyo hiyo. Tunajua sote wawili, na hatusemi.

Jumamosi iliyopita binti yake alipiga simu akilia. Mtoto anapasuliwa Jumatatu, anamtaka bibi yake. Dada akaweka simu mezani, akaliinua joho kwa mabega.

"Hebu lijaribu, mdogo wangu," akasema bila kunitazama.

Nilimwonea huruma. Lakini niliogopa zaidi.

"Halinitoshi, dada."

Dada yangu humpima mtu kwa jicho tu, na hajawahi kukosea. Akayatazama mabega yangu, moja, halafu la pili.

"Kweli," akasema. "Litakubana."

Akakaa, akatia uzi kwenye sindano.